Makuta iko ku telefone, lakini namba iko kwa jina ya nani?

Zamani mu Panda, siku ya mushahara ilijulikana bila mutu kuangalia kalenda. Union Minière, na kisha Gécamines, ilikuwa inalipa mufanyakazi, na pembeni ya mushahara kulikuwa mposho: unga wa familia, kufuatana na hesabu ya watoto. Mama wa nyumba alijua sawasawa nini iko inaingia, juu mufuko ya unga ilikuwa inapita mbele ya macho yake.

Leo hesabu ile imehamia ndani ya telefone. Mu barabara za Panda, sawa vile mu Kikula na Shituru, kabini ya makuta iko karibu kuliko banki: meza moja, parasoli, mutu moja na telefone mbili ao tatu. Muchimbaji mwenye kuwa mbali ku kariere anatuma makuta ya chakula asubui, na mbele ya saa sita bibi yake iko ku soko. Mbele ya hapo, ilikuwa lazima kupatia dereva ao ndugu mwenye kusafiri bahasha, na kisha kuomba Mungu ifike.

Hii njia ilianzia Kenya. Mu Machi 2007, Safaricom ilifungula M-Pesa, na jina lenyewe limebeba neno ya Kiswahili. Kwetu Congo, Banque Centrale iliweka kanuni za makuta ya telefone mu 2011, na Vodacom ikaleta M-Pesa mu 2012. Airtel Money iko, na Orange Money pia, kisha Orange kununua Tigo mu 2016. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya namna za kulipa ilikuja kukaza mambo. Banki za Nairobi nazo zilifuata njia: Equity ilinunua BCDC mu 2020, na KCB ikaingia mu TMB, banki yenye ilizaliwa Lubumbashi mu 2004.

Wazazi wetu wengi hawakuamini banki, na walikuwa na sababu. Mu Desemba 1979, noti za zaïre 5 na 10 zilikufa kwa siku chache. Miaka ya 1993 na 1994, bei ilikuwa inapanda kati ya asubui na mangaribi. Mu 2016, watu wenye kuwa na makuta mu banki BIAC walipanga mulolongo na kurudi na kidogo tu. Kwa hiyo telefone ilikubaliwa haraka: makuta unaiona mwenyewe ku ekra, na kanuni inaomba kila franka ya telefone ikuwe na franka yake yenye kuwekwa ku banki.

Lakini telefone iko na bei yake. Kutoa makuta kunalipiwa, na mwenye kutoa kidogo kidogo kila siku anaacha mingi ku kabini bila kujua. Siku ya mushahara, kabini inakosa noti. Siku ingine rezo inakufa. Tena, telefone iko na mifuko mbili: moja ya franka, moja ya dolari. Mwanzo wa 2023, dolari moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwisho wa mwaka ile, ilikuwa imepita 2,600. Mwenye aliweka akiba yake mu franka hakuibiwa na mutu, lakini makuta yake ilipunguka paka vile. Angalia basi ni mufuko gani unawekea makuta ya minerval ya watoto.

Kuko pia wezi wa meseji. Mutu anaandika kama makuta imeingia kwako kwa makosa, anaomba umurudishie. Angalia kwanza solde yako mwenyewe. Meseji haiko makuta. Na hakuna mutumishi wa kweli wa kampuni mwenye anaweza kukuuliza kode yako.

Jambo nzito zaidi, watu hawalisemi ku meza. Ku kariere, udongo unaweza kuanguka siku yoyote. Muchimbaji akifa, makuta yenye alikuwa nayo ku telefone inabakia pale, na kampuni inajua paka mutu moja: ule mwenye jina yake iliandikwa siku ya kununua karte SIM. Na wachimbaji wengi hawana karte ya kuchagula, basi walinunua namba kwa jina ya rafiki, ya muuzaji, ao ya shemeji. Mujane anakuja na cheti cha kifo, na kampuni inamuambia kama namba haiko ya bwana yake. Akijaribu kode mara kadhaa bila kuijua, konti inafungwa.

Mu Code de la famille ya 1987, watoto njo warithi wa kwanza, na mujane naye iko na sehemu yake. Lakini sheria haiwezi kurithisha makuta yenye haiko kwa jina ya marehemu. Na kama kode inajulikana na ndugu moja tu, makuta inaweza kutoka usiku wa kilio, na kisha matanga inageuka kuwa kesi.

Basi, mbele ya kurudi ku kariere, baba afanye mambo tatu. Ya kwanza, apeleke karte yake ya kuchagula ku ofisi ya kampuni na aulize namba yake iko kwa jina ya nani. Kama haiko kwa jina yake, ahamishe makuta ku namba yake mwenyewe. Ya pili, akiba ya nyumba isikae yote ku telefone ya kazi; sehemu ingine iende ku namba ya mama, yenye kuandikwa kwa jina ya mama. Ya tatu, mama ajue ni kampuni gani, namba gani, na karatasi za ndoa na za watoto ziko wapi.

Hakuna haja ya kupatiana kode. Jina ya kweli ku namba ya kweli inatosha, na inaombwa siku moja tu ku ofisi.