Modemu ya Ughaibuni katika Masafa ya Unyamwezi

Modemu ya simu ni kifaa kinachogeuza data za kompyuta kuwa mawimbi ya redio na kuyapokea yale yanayotoka mnarani, lakini haisikii mawimbi yote, bali hushughulika na mafungu maalumu ya masafa yanayoitwa bendi. Mkazi wa Chemchem, mjini Tabora, aliyeletewa modemu na nduguye kutoka Marekani huweza kutia laini ya Tanzania na asipate mtandao, kisha akaelezwa na fundi kwamba kifaa kimefungwa. Maelezo hayo huwa kweli wakati fulani tu, kwa sababu kufuli lililowekwa na kampuni ya simu na ukosefu wa bendi ni matatizo mawili tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Chanzo cha tofauti za bendi ni mgawanyo wa masafa duniani. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano umeigawa dunia katika kanda tatu, Afrika na Ulaya zikiwa katika ya kwanza na mabara ya Amerika katika ya pili. Ndiyo maana simu za kizazi cha pili zilitumia megahezi 900 na 1800 Tanzania, ilhali Marekani zilitumia 850 na 1900. Katika kizazi cha nne jambo hilo limezidi kuwa gumu, kwa kuwa hata namba inayofanana huficha mpangilio tofauti. Katika bendi ya 28, iliyomo kwenye megahezi 700, simu hutuma kati ya 703 na 748 na mnara hujibu kati ya 758 na 803; katika bendi ya 12 ya Marekani, simu hutuma kati ya 699 na 716 na mnara hujibu kati ya 729 na 746. Vifaa vyote viwili huitwa vya megahezi 700, lakini modemu ya bendi ya 12 pekee haiwezi kuusikia mnara wa bendi ya 28.

Kwa mkoa wa Tabora, bendi za chini ndizo zenye uzito mkubwa zaidi. Wimbi la megahezi 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi, na lile la 2600 halifiki hata sentimita 12. Wimbi refu hufika mbali zaidi na hupenya miti na kuta kwa urahisi zaidi, kwa hiyo linafaa vijiji vilivyotawanyika katika misitu ya miombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua. Sehemu ya masafa hayo ilipatikana baada ya televisheni za analojia kuzimwa, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na megahezi 700 zilikuwa miongoni mwa masafa yaliyonadiwa nchini mwaka 2022.

Ndani ya modemu, wimbi lililonaswa na antena hupita kwenye swichi na kichujio, yaani kipande kidogo kinachoruhusu bendi moja na kuzuia nyingine, kabla ya kuifikia chipu inayolifasiri. Chipu yenyewe mara nyingi ina uwezo wa bendi nyingi, lakini kichujio na kikuza mawimbi hutengenezwa kwa masafa mahususi. Kwa hiyo amri za programu zinaweza kufungua bendi ambayo kiwanda kiliizima ilhali vipande vyake vimo, lakini haziwezi kuumba kichujio kisichokuwapo. Kuchomelea kichujio kipya nako ni kazi ya maabara, kwa sababu vipande ni vidogo mno na saketi inayovizunguka hulazimika kupimwa upya.

Marekebisho yanayofaa ni kubadilisha kadi nzima ya modemu. Ruta nyingi huwa na modemu ya kuchomeka, na kadi moja huuzwa kwa matoleo ya kanda: Quectel EC25-A, kwa mfano, ina bendi za 4G za 2, 4 na 12 za Amerika, na EC25-E ina 1, 3, 8 na 20 pamoja na nyingine, ingawa hata hiyo haina 28. Antena nayo lazima ilingane na masafa mapya.

Kadi mpya huja na IMEI yake, namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, na kuibadilisha namba hiyo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Simu zenye IMEI bandia zilizimwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) tarehe 16 Juni 2016, na mamlaka hiyo ndiyo inayoidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano nchini. Usimamizi huo unalinda watumiaji wote, kwani kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao kilichotengenezwa kwa bendi ya 13 ya Marekani hutuma kati ya megahezi 777 na 787, katikati kabisa ya masafa ambayo simu za bendi ya 28 husikilizia mnara.

Mnunuzi anayeishi mbali na mji, ambaye mnara mmoja wa bendi ya chini ndio tegemeo lake lote, anastahili kuonyeshwa orodha ya bendi kabla ya kutoa fedha, na muuzaji mwaminifu hana sababu ya kumnyima.