Jeni Zilezile, Hesabu Mbili

Mililita moja ya damu ina seli nyekundu bilioni 5 hivi. Seli nyeupe, zenye kazi ya kinga, ni milioni 4 hadi 11. Tukishika milioni 5, kila nyeupe moja ina nyekundu 1,000. Kujua jeni za kinga zinafanya kazi kiasi gani ni kuhesabu nakala za RNA ndani ya hizo chache, na swali la kwanza ni seli hizo zipatikane vipi.

Njia ya haraka ni kutozitenga. Mililita 2.5 za damu huingia moja kwa moja kwenye tyubu yenye dawa ya kuhifadhi RNA. Tatizo ni RNA ya globini, yaani ile ya kutengenezea hemoglobini: yaweza kufika asilimia 70 ya nakala zote. Chukulia kusoma vipande milioni 20 vya RNA ni shilingi 300,000 (bei ya mfano tu). Globini peke yake imekula milioni 14, sawa na shilingi 210,000. Zipo kemikali za kuiondoa, nazo hazitolewi bure.

Njia ya pili ilielezwa na Arne Bøyum wa Norway mwaka 1968. Damu humiminwa taratibu juu ya kimiminika chenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita, kisha huzungushwa dakika 30 hivi. Nyekundu huzama, katikati hubaki utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa, ambao fundi huunyonya kwa pipeti. Globini nyingi imeondoka. Lakini nyutrofili, ambazo ni asilimia 40 hadi 70 ya seli nyeupe, zimezama pia. Zikiwa asilimia 60, kati ya milioni 5 zetu milioni 3 hazimo tena. Na asilimia hiyo si ya kila mtu: Waafrika wengi wenye kundi la damu la Duffy hasi wana nyutrofili chache bila ugonjwa wowote.

Kuna pia suala la muda. Jeni kama FOS na JUN huamka ndani ya saa moja seli zikisumbuliwa, na kuzungusha na kuosha ni usumbufu. Monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, nazo hunata kwenye plastiki. Sampuli moja ikibaki na asilimia 10 ya monosaiti na nyingine 20, jeni inayofanya kazi ndani ya monosaiti pekee itaonekana imepanda maradufu, ilhali hakuna seli iliyobadilika.

Sasa weka wagonjwa 50 waliopimwa kwa njia ya kwanza na wazima 50 kwa ya pili. Ripoti itaandika sampuli 100. Hakuna takwimu itakayotenganisha ugonjwa na tyubu.