Kifua kikibana, si kila mara ni kiungulia

Moyo ni msuli, na kama msuli mwingine wowote unahitaji damu yake. Hauichukui katika ile inayopita ndani yake. Huletewa na mishipa inayouzunguka kwa nje, myembamba kuliko mrija wa soda.

Ndani ya kuta za mishipa hiyo mafuta hujikusanya polepole, kwa miaka, na njia ya damu hupungua. Mtu akibeba mtungi wa maji au akipanda mlima, moyo hudai damu zaidi na kuikosa; kifua hubana, kisha huachia akipumzika. Siku mafuta hayo yanapopasuka, damu huganda hapo na kuziba njia. Huo ndio mshtuko wa moyo. Sehemu ya msuli iliyokosa damu huanza kufa.

Wengi hapa huuita ugonjwa wa matajiri wa Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowapima Waturkana zaidi ya 1,200, ulionyesha vingine. Wafugaji walikuwa na afya nzuri ya moyo, ingawa chakula chao kikubwa ni maziwa, nyama na damu. Waliohamia mijini ndio waliozidi kwa unene, presha na mafuta mabaya katika damu. Basi mbuzi asilaumiwe peke yake. Mjini kuna sukari, unga uliokobolewa, mafuta ya kukaangia na kazi za kukaa. Sigara huongeza hatari, na kisukari pia.

Dalili za kutilia maanani ni kifua kubanwa kama kimewekewa mzigo, maumivu yanayokwenda mkono wa kushoto, shingo au taya, jasho baridi na pumzi kukata. Wanawake na wenye kisukari huenda wasiumwe kifua kabisa, wakahisi uchovu na kichefuchefu tu.

Hapo asiambiwe alale aone kesho. Asiachwe aende peke yake kwa miguu. Kutoka Kakuma hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Lodwar ni takriban kilomita 120, kwa hiyo aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apimwe na kuanzishiwa matibabu huku usafiri ukitafutwa.

Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Mhudumu akibisha hodi, wote wapimwe, hata baba anayesema yeye ni mzima. Aliyeandikiwa dawa za presha asiziache anapojisikia nafuu, kwani presha kwa kawaida haiumi.