Jeddah: Maji Yanayoingia na Maji Yanayotoka

Kwa kawaida Jeddah, mji wa pwani ya Saudi Arabia, hupata mvua ya milimita hamsini na kitu kwa mwaka mzima. Tarehe 25 Novemba 2009, mahujaji wakiwa njiani kwenda Mina, zaidi ya milimita 90 zilimwagika kwa muda wa saa nne hivi. Watu zaidi ya 100 walikufa, na mtaa wa Quwaizah uliumia kuliko yote. Mji huu ulikuwa na bandari kubwa, uwanja wa ndege wa kupokea mahujaji na mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, lakini mvua ya saa chache iliushinda.

Kosa halikuwa la mawingu peke yake. Mashariki ya Jeddah iko milima ya Hijaz, na mvua ikinyesha huko, maji hushuka kwa mabonde makavu, yaani mawadi, hadi Bahari ya Shamu. Zamani hayakumsumbua mtu, kwa kuwa mji ulikuwa mdogo, umebanana ndani ya ukuta wake ufukweni. Ukuta ulibomolewa mwaka 1947, na mwaka huohuo bomba likaleta maji kutoka chemchemi za Wadi Fatimah. Kabla ya hapo watu waliishi kwa visima, mahodhi ya mvua na mtambo wa kuvukiza maji ya bahari ulioanzishwa enzi za Waturuki. Mwaka 1970 kikaja kiwanda kikubwa cha kuondoa chumvi, na tangu hapo kiu haikuuzuia tena mji kukua. Leo wakazi wamepita milioni 3.7, na nyumba na barabara zimekaa juu ya njia za maji.

Hapa ndipo hesabu ya wapangaji wa mji ilipopotoka. Maji yakiingia nyumbani, sehemu kubwa yake hutoka yakiwa machafu, kwa hiyo kila kiwanda kipya cha maji ya kunywa ni mzigo mpya wa maji taka. Jeddah ilijenga upande wa kuingiza na kuchelewa mno upande wa kutoa. Kwa miongo kadhaa majumba mengi yalitegemea mashimo ya choo, na mamia ya magari ya kunyonya uchafu yalikwenda kuumwaga mashariki ya mji, katika bwawa la wazi ambalo watu waliliita Ziwa la Miski. Mashimo nayo yalivuja, maji ya chini ya ardhi yakapanda, na ardhi iliyokwisha kulowa haina nafasi ya kunywa mvua. Mwaka 2009 hofu kubwa ilikuwa kwamba ukingo wa bwawa hilo utapasuka uchafu uwashukie watu. Haukupasuka, na baadaye likakaushwa.

Januari 2011 mafuriko yalirudi, na safari hii bwawa la udongo la Umm al-Khair lilivunjika kweli. Ndipo serikali ikajenga mabwawa imara na mifereji mipana ya kuyapeleka maji baharini. Tarehe 24 Novemba 2022 kusini mwa Jeddah zilipimwa milimita 179 kwa saa sita, zaidi ya mwaka 2009. Magari yalielea na watu wawili walikufa. Mvua hizo mbili hazikuangukia mahali pamoja, lakini naamini mifereji iliokoa maisha.

Liko jambo moja linaloniuma katika hesabu za wapangaji hao. Tangu Oktoba 2021 mitaa mingi ya zamani ilibomolewa ili mji upangwe upya. Miongoni mwake ni Petromin, Ghulail na Karantina, ambako Waafrika wengi waliishi, na fidia iliyotangazwa haikuwahusu wageni. Watu hao walifagia barabara za mji huo na kujenga majumba yake. Mpango usiowahesabu umepima mji nusu.

Dar es Salaam tunalijua somo hili la kujenga juu ya njia za maji. Desemba 2011 zilinyesha milimita 156, ikasemwa ni mvua kubwa kuliko zote tangu 1954, na baadhi ya wakazi wa Bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Pamoja na hayo, viwanja vinaendelea kuuzwa mabondeni. Wewe unayetaka kununua, usitosheke na bomba na nguzo ya umeme. Waulize wazee wa mtaa maji yalipita wapi mvua kubwa iliyopita, na wakikuonyesha kiwanja chako, kiache.