Nati za Kuzamisha: Meza ya Plaiwudi Idumu



Katika vigango vya Mkoa wa Singida meza moja hufanya kazi nyingi: leo mafundisho, kesho kliniki ya mama na mtoto, keshokutwa mkutano wa kikundi. Kwa hiyo meza ya plaiwudi yenye miguu ya kufunguliwa inafaa, maana inabebeka hata kwa mkokoteni wa punda.

Tatizo ni skrubu. Ikifunguliwa na kufungwa mara kadhaa, tundu hupanuka na mguu huanza kucheza. Dawa yake ni nati ya kuzamisha: kipande kifupi cha chuma chenye meno ya skrubu nje na ndani. Meno ya nje hushika plaiwudi. Ya ndani hupokea bolti. Hivyo bolti husuguana na chuma, si mbao.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Chagua plaiwudi ya milimita 18 na nati iliyo fupi kuliko unene huo.

2. Toboa kwenye uso wa plaiwudi, si ubavuni. Ubavuni matabaka huachana. Kaa angalau sentimita 3 kutoka ukingoni.

3. Biti ilingane na kiwiliwili cha nati bila meno yake. Jaribu kwanza kwenye kipande chakavu.

4. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina, usije ukatoboa hadi upande wa pili. Tundu liwe wima.

5. Panua kidogo mdomo wa tundu ili tabaka la juu lisibanduke.

6. Paka gundi ya epoksi kidogo tunduni, isiingie ndani ya nati.

7. Ingiza bolti yenye nati mbili za kawaida zilizobanana, uzungushe taratibu kwa spana. Usigonge kwa nyundo.

8. Acha gundi ikauke hadi kesho yake kabla ya kufunga miguu.

Nati hizi zisipopatikana, tumia bolti inayopita hadi upande wa pili, yenye washa pana na nati.

Tunawaomba wanakamati, kabla ya kumlipa fundi, wafungue na kufunga kila mguu mara tano mbele yake. Mguu ukicheza, kazi irudiwe. Kwa njia hiyo mchango wa waamini na wafadhili utahudumia kigango kwa miaka mingi, badala ya kununua meza upya.