Msomaji Anayehama na Msomaji Anayeacha: Biashara ya Magazeti Baada ya Karatasi

Usajili wa gazeti, yaani makubaliano ambayo kwayo msomaji hulipa kwanza gharama ya mwezi au mwaka ili aletewe nakala yake kila siku, ulikuwa kwa zaidi ya karne moja mhimili wa biashara ya magazeti nchini Marekani, Kanada na katika nchi nyingi za Ulaya, kwa sababu ulimwezesha mchapishaji kujua tangu jioni ni nakala ngapi zitahitajika alfajiri, kununua karatasi kwa kipimo, na kumhakikishia mtangazaji kwamba tangazo lake litaingia katika nyumba zinazojulikana idadi. Msomaji anaposimamisha usajili huo na kusoma habari kwenye simu, mchapishaji hupungukiwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: ada ya msomaji, na hoja ambayo kwayo alimwomba mtangazaji bei nzuri.

Gazeti ni bidhaa inayouzwa mara mbili, kwanza kwa anayelisoma na kisha kwa anayetaka kuonekana na wasomaji hao, na katika mauzo hayo mawili yaliyolipa zaidi yalikuwa ya pili. Magazeti ya Marekani yalipata kutokana na matangazo takriban dola bilioni 49 mwaka 2005; kufikia mwaka 2020 mapato hayo hayakufika dola bilioni 10. Yaliyotangulia kuondoka ni matangazo madogo madogo ya nyumba, magari na kazi, ambayo tovuti kama Craigslist, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1995, ilianza kuyapokea mengi bila malipo, kisha makampuni ya Google na Facebook yakachukua sehemu kubwa ya yaliyobaki kwa kuwa yanaweza kumlenga mtu mmoja kwa umri wake, mahali alipo na anachotafuta. Wakati huohuo wachapishaji wengi walikuwa wakiweka habari zao mtandaoni bure, wakitumaini kwamba wingi wa wasomaji ungefidia upungufu wa bei, na kwa kufanya hivyo walikuza kizazi cha wasomaji ambacho hakijawahi kulipia habari hata siku moja. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika historia ya biashara hii, na gharama yake bado inalipwa.

Jaribio la kulisahihisha liliitwa ukuta wa malipo, yaani mpango wa kompyuta unaomzuia msomaji kufungua makala mpaka alipie. The Times la London liliufunga mlango wake wote mwezi Julai 2010, na The New York Times likafuata mwezi Machi 2011 kwa njia laini zaidi, ambapo msomaji aliruhusiwa makala 20 kwa mwezi kabla ya kuombwa fedha. Katika robo ya pili ya mwaka 2020 mapato ya kidijitali ya The New York Times yaliyapita yale ya karatasi kwa mara ya kwanza, na mwishoni mwa mwaka 2024 lilikuwa na wasajiliwa zaidi ya milioni 11, ambao kati yao waliokuwa bado wakipelekewa karatasi ni takriban laki 6. Hata hivyo mfano huo unapotosha ukichukuliwa peke yake, kwani kampuni hiyo huuza kwa wasomaji wa Kiingereza duniani kote, tena huuza pamoja na habari michezo ya maneno, mapishi na habari za spoti. Gazeti la mji mdogo halina soko la namna hiyo: tangu mwaka 2005 Marekani imepoteza magazeti zaidi ya 3,200, mengi yakiwa ya kila wiki, na wilaya zilizobaki bila mwandishi hata mmoja wa kufuatilia halmashauri na mahakama zake zimepewa jina la majangwa ya habari.

Montreal, Kanada, inaonyesha kwamba kuhama kunawezekana pale mchapishaji anapohama pamoja na wasomaji wake. La Presse, gazeti la Kifaransa lililoanzishwa mwaka 1884, lilitoa mwezi Aprili 2013 programu ya bure ya kusomea kwenye tableti, likasimamisha nakala za karatasi za siku za kazi mwishoni mwa mwaka 2015 na ile ya Jumamosi mwishoni mwa mwaka 2017, kisha mwaka 2018 likageuzwa kuwa amana isiyogawa faida, inayoendeshwa kwa matangazo na michango ya wasomaji. Toronto Star liliiga programu hiyo mwezi Septemba 2015 na kuifunga Julai 2017, wakati ambapo watu wengi walikwisha hamia kwenye simu. Vifaa vilikuwa vilevile, lakini la Montreal liliwatangazia wasomaji wake mapema kwamba karatasi inakwisha na likapanga gharama zake zote kwa ajili ya siku hiyo.

Mkasa wa Wiener Zeitung la Vienna unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi na wachapishaji wa Afrika Mashariki. Gazeti hilo lilianza kutoka mwaka 1703, na sehemu kubwa ya mapato yake ilitokana na sheria iliyoyalazimisha makampuni kuchapisha humo taarifa zao rasmi. Sheria ilipobadilishwa na taarifa kuhamishiwa mtandaoni, toleo la kila siku la karatasi lilikoma tarehe 30 Juni 2023. Waliosababisha kikomo hicho hawakuwa wasomaji, bali serikali iliyoondoa taarifa hizo za lazima.

Katika Afrika Mashariki gazeti halikuzoea kuletwa mlangoni. Huuzwa nakala mojamoja kwenye meza za kando ya barabara, katika vituo vya mabasi na kwenye foleni za magari, na wateja wa mkataba wamekuwa hasa ofisi: wizara, benki, hoteli, vyuo na mashirika. Anayeacha usajili huku, kwa hiyo, kwa kawaida ni mhasibu anayetafuta pa kupunguza matumizi, na uamuzi wake mmoja huondoa nakala kadhaa za kila siku. Tena nakala moja ya karatasi husomwa na watu wengi ofisini, kwa kinyozi na nyumbani kabla ya kuuzwa kwa kilo na kuishia kufungia vitumbua, kiasi kwamba idadi ya nakala zilizouzwa haikuwahi kueleza ukubwa halisi wa hadhira. Mtandaoni hali hugeuka: kila simu huhesabiwa, lakini wanaolipa ni wachache.

Nation Media Group, inayotoa Daily Nation na Taifa Leo nchini Kenya, Daily Monitor nchini Uganda, na Mwananchi, Mwanaspoti na The Citizen nchini Tanzania, ilipata mwaka 2013 faida ya zaidi ya shilingi bilioni 2 za Kenya. Mwaka 2023 na mwaka 2024 ilitangaza hasara. Kampuni hiyo ilianzisha jukwaa la Nation.Africa mwaka 2020 na kuanza kutoza ada mwaka uliofuata, ikitumia malipo ya simu, ambayo Wakenya wameyazoea tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Hapo kanda hii ina faida ambayo Ulaya haikuwa nayo, kwa kuwa mnunuzi aliyezoea kutoa sarafu asubuhi kwa nakala ya siku hiyo tu anaweza kuuziwa siku hiyohiyo kwenye simu, bila kadi ya benki na bila mkataba wa mwaka. Bei ya siku, wala si ya mwaka, ndiyo inayolingana na mfuko wake, hasa ikikumbukwa kwamba hulipa pia bando la intaneti.

Vizuizi navyo ni vya kweli. Nakala nzima za magazeti husambazwa alfajiri katika makundi ya WhatsApp na Telegram, na mwandishi aliyekesha juu ya mafaili ya mahakama hapati chochote kutokana nazo. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi, vituo vya redio na televisheni vimewasomea wasikilizaji magazeti ya asubuhi, hadi serikali ilipoelekeza mwaka 2017 visomwe vichwa vya habari tu. Leseni pia ni hatari ya kibiashara: maudhui ya mtandaoni huko yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano chini ya kanuni zilizoanza mwaka 2018, na leseni ya mtandaoni ya Mwananchi ilisimamishwa kwa miezi sita mwaka 2020, kisha majukwaa ya kampuni yake kwa siku 30 mwezi Oktoba 2024. Katika vipindi hivyo kampuni ilikuwa na karatasi ya kuiuza. Chombo kisicho na karatasi kingekuwa hakina bidhaa kabisa.

Zaidi ya hayo, njia ya Vienna, ya taarifa za serikali kuhama kutoka kwenye karatasi, imekwisha funguliwa huku pia. Zabuni za serikali ya Tanzania sasa hupitia mfumo wa NeST, ulioanza mwaka 2023, na nafasi za kazi za umma hutangazwa kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, huku nchini Kenya vyombo vya habari vikilalamikia kwa miaka mingi madeni ya matangazo ya serikali. Mchapishaji anayeendelea kuitegemea serikali kama mteja amejenga juu ya ardhi ya kukodi, na tishio ni zito zaidi kwa Kiswahili, kwani Taifa Leo ndilo gazeti pekee la kila siku la lugha hiyo nchini Kenya na hakuna lingine la kushika nafasi yake.

Ofisi zinazojiandaa kusimamisha magazeti ya karatasi katika bajeti ijayo zinaombwa, kabla ya barua kusainiwa, kuuliza bei ya usajili wa mtandaoni wa magazeti hayohayo na kuuweka katika kifungu kilekile cha matumizi.