Je, Wajua? Maksi Si Lazima Ziwe Zile Tulizozoea

Je, wajua kuwa mwaka 1785 Ezra Stiles, mkuu wa chuo cha Yale nchini Marekani, aliwagawa wanafunzi 58 katika makundi manne ya Kilatini? Wa juu kabisa aliwaita Optimi, wa chini kabisa Pejores.

Je, wajua kuwa mwaka 1897 chuo cha wasichana cha Mount Holyoke, Massachusetts, kilikuwa tayari kikitumia A, B na C tunazozijua? Pale, aliyepata chini ya 75 alikuwa amefeli. Leo, kwenye mtihani wa kidato cha nne Tanzania, 75 ni A na 74 ni B.

Je, wajua kuwa katika utafiti wa Daniel Starch na Edward Elliott wa mwaka 1912, walimu 142 waliisahihisha karatasi ileile ya Kiingereza? Mmoja aliipa 64, mwingine 98. Watu wakasema lugha ndivyo ilivyo, hesabu haziwezi kuyumba hivyo. Mwaka uliofuata wakajaribu karatasi ya jiometri, na tofauti ikawa kubwa zaidi.

Je, wajua sifuri moja inavyoweza kumharibia mtoto? Chukua majaribio manne: 80, 80, 80, na siku ya nne alikuwa mgonjwa, akaandikiwa 0. Wastani wake unakuwa 60. Uwezo wake haujapungua hata chembe, lakini ripoti inayokwenda nyumbani inasema ni mwanafunzi wa 60. Ndiyo maana walimu wengine hawajazi sifuri: huacha nafasi wazi mpaka mtoto afanye jaribio hilo, au huchukua alama ya katikati badala ya wastani. Kwa mtoto huyu, alama ya katikati ni 80. Mimi naona hiyo ndiyo haki.

Je, wajua kuwa mwaka 1968 Benjamin Bloom alipendekeza mwanafunzi asivushwe kwenda mada nyingine kabla hajaielewa aliyonayo? Akishindwa, afundishwe tena kwa njia nyingine, kisha apimwe upya.

Je, wajua kuwa Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha kijana wa Kitanzania? Kazi zake za darasani nazo zihesabiwe, pamoja na tabia yake na kazi za mikono. Wakati huo Baraza la Mitihani lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Kenya nayo ilifanya mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023. Watoto wa mtaala mpya hupimwa kwa viwango: aliyezidi matarajio, aliyeyafikia, anayeyakaribia na aliye chini yake. Na Januari 2023, Tanzania iliacha kutangaza shule 10 bora na wanafunzi bora kitaifa. Wapo waliolalamika. Lakini yule ambaye hakuwahi kuwamo kwenye orodha hiyo, orodha ilimfundisha nini?

Je, wajua kuwa chuo cha Evergreen, jimbo la Washington nchini Marekani, tangu kilipofunguliwa mwaka 1971 hakitoi herufi? Mwalimu humwandikia kila mwanafunzi maelezo ya alichokifanya na alichojifunza. Chuo kikuu cha Brown, hukohuko Marekani, hakina alama ya D, na somo alilofeli mwanafunzi halionekani kwenye nakala ya matokeo inayotoka nje.

Nimebakiza jambo moja, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha jaribio alilowafanyia wanafunzi nchini Israeli. Kundi moja lilipewa maksi tu, la pili maoni tu, la tatu maksi pamoja na maoni. Waliopewa maoni tu walifanya vizuri zaidi na hamu yao ikabaki juu. Waliopewa vyote viwili hawakuwazidi waliopewa maksi tu! Mtoto akishaona 4/10, macho yanaishia hapo.

Mwalimu, jaribu na zoezi moja wiki hii. Weka kando ile 4/10, andika: "Mpaka mstari wa pili uko sawa. Wa tatu umesahau kubadili alama ya kutoa. Rudia, unioneshe kesho." Kisha umsahihishie atakapolileta.